Kaya ngapi baada ya miaka 20? Usianze kwa kugawa

Swali: Nafanya kazi katika kitengo cha mipango cha mkoa. Ofisi ya takwimu ya taifa imetupa jedwali la makadirio ya idadi ya watu kwa miaka 20 ijayo, kwa umri na jinsi. Wakuu wangu wanataka idadi ya kaya ili wapange viwanja, maji na umeme. Mwenzangu anasema tuchukue jumla ya watu tuigawe kwa wastani wa watu katika kaya uliotoka kwenye sensa, basi. Je, inatosha? Pia, wilaya zetu zilipotengeneza makadirio yao zenyewe, jumla yake ilizidi ile tuliyopewa na taifa. Nani arekebishe hesabu yake? Na mwisho, wakubwa wanataka namba moja, hawataki tatu (ya juu, ya kati na ya chini). Niwape ipi?

Jibu: Njia ya mwenzako ina sifa moja, nayo ni wepesi. Kwa mwaka mmoja au miwili baada ya sensa haina madhara makubwa. Kwa miaka 20 itawapoteza, tena katika mikoa mingi itawapoteza upande uleule: mtapata kaya chache kuliko zile zitakazokuja kuomba viwanja.

Tuchukue mkoa wa kubuni wenye watu 500,000. Watoto wa chini ya miaka 15 ni 220,000. Vijana wa miaka 15 hadi 29 ni 140,000. Wa miaka 30 hadi 59 ni 110,000. Wa miaka 60 na zaidi ni 30,000. Sensa inaonyesha kwamba katika kila vijana 100, 15 ni wakuu wa kaya. Kwa kundi la 30 hadi 59 ni 45 katika kila 100, na kwa wazee ni 60. Watoto hawaongozi kaya. Zidisha kila kundi kwa kiwango chake, kisha jumlisha: 21,000 na 49,500 na 18,000. Mkoa una kaya 88,500, wastani wa watu 5.65 kwa kaya.

Sasa twende miaka 20 mbele. Uzazi umepungua, kwa hiyo watoto ni 200,000. Vijana ni 170,000, watu wazima 180,000, wazee 50,000. Jumla ni 600,000. Tumia viwango vilevile bila kubadilisha hata kimoja: 25,500 na 81,000 na 30,000, jumla kaya 136,500. Watu wameongezeka kwa asilimia 20, kaya kwa asilimia 54. Na hapa sijagusa tabia ya mtu yeyote. Vijana wanaondoka kwa wazazi katika umri uleule, wajane wanaishi peke yao kwa kiwango kilekile. Tofauti yote imeletwa na umri: wale watoto wengi wa jana wamekuwa watu wazima wanaotaka mlango wao wenyewe.

Mwenzako angegawa 600,000 kwa 5.65 akapata kaya 106,200 hivi. Angewaambia wakuu watayarishe nafasi ya kaya mpya 17,700, wakati zinakuja 48,000. Pengo la kaya zaidi ya 30,000 limezaliwa katika mstari mmoja wa kugawa, na hakuna atakayeliona kwenye jedwali, maana jumla ya watu ni sahihi kabisa.

Hili si jambo la mikoa ya kubuni tu. Kati ya sensa ya 2009 na ya 2019, watu wa Kenya waliongezeka kutoka milioni 38.6 hadi milioni 47.6, yaani asilimia 23 hivi. Kaya ziliongezeka kutoka milioni 8.8 hadi milioni 12.1, karibu asilimia 38. Japani imekwenda mbali zaidi. Idadi ya watu wake ilifika kileleni karibu na mwaka 2008 na tangu hapo inashuka, lakini kaya zimeendelea kuongezeka. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2024 na taasisi ya taifa inayotafiti idadi ya watu na hifadhi ya jamii ya nchi hiyo yanaweka kilele cha kaya kwenye mwaka 2030, na wastani wa kaya kushuka chini ya watu 2 mwaka 2033. Mpangaji wa Japani aliyetazama jumla ya watu peke yake angefunga ofisi ya viwanja mapema mno.

Kwa hiyo jenga kaya kutoka kwenye umri. Tayari unalo jedwali la umri na jinsi, na hiyo ndiyo sehemu ngumu. Kutoka kwenye sensa ya mwisho, kwa kila kundi la miaka mitano na kwa kila jinsi, gawa idadi ya wakuu wa kaya kwa idadi ya watu wa kundi hilo. Hicho ndicho kiwango cha ukuu wa kaya. Zidisha kwa watu wa kundi hilohilo katika mwaka unaoutaka. Kabla ya yote hayo, toa watu wanaoishi katika makazi ya pamoja: mabweni, magereza, kambi, nyumba za kulelea wazee. Hao ni watu wa mkoa lakini si wa kaya, na ukiwaacha ndani watakuletea kaya ambazo hazipo.

Mambo mawili ya kuangalia hapo. La kwanza, mkuu wa kaya ni yule aliyetajwa na mtu aliyejibu maswali ya karani wa sensa. Nyumba nyingi humtaja mume hata kama chakula na karo vinatoka kwa mke. Kwa hesabu ya jumla haidhuru, mradi sensa mbili unazolinganisha zimeuliza kwa namna moja. Usije tu ukaitumia namba hiyo kusema nani analisha nani. La pili, kuna nchi zinazohesabu kaya kwa chungu kimoja, yaani watu wanaoishi na kula pamoja, na nyingine zinahesabu wote walio ndani ya makazi mamoja kuwa kaya moja. Kwa utaratibu wa kwanza, nyumba moja inaweza kuwa na kaya tatu. Mhandisi wa maji anataka kujua idadi ya viungio vya bomba, afisa ardhi anataka viwanja, na wala hakuna kati ya hivyo kilicho sawa na kaya. Ongezea hapo nyumba tupu na nyumba zinazokaliwa kwa msimu. Andika wazi unahesabu nini.

Swali litakalofuata, na utaulizwa tu, ni kama viwango hivyo vibaki palepale kwa miaka 20. Mimi huanza kwa kuvishikilia vilivyo, kama nilivyofanya hapo juu, ili ionekane umri peke yake unaleta nini. Baada ya hapo ndipo natengeneza hesabu ya pili inayofuata mwelekeo wa sensa zilizopita. Ukichanganya vyote tangu mwanzo hutajua kaya zimetoka wapi, na mkuu akikuuliza utabaki kuangalia dari.

Lakini mwelekeo wa zamani nao una mtego, na Uingereza ndiyo iliyouonyesha kwa gharama kubwa. Kwa miaka mingi makadirio ya kaya za England yalitengenezwa kwa kufuata mwelekeo wa sensa tangu 1971. Yale yaliyoanzia mwaka 2014 yalitoa wastani wa kaya mpya 210,000 kwa mwaka. Kisha kazi ikahamishiwa ofisi ya taifa ya takwimu, ambayo katika makadirio yaliyoanzia 2016 iliamua kutumia sensa mbili tu, ya 2001 na ya 2011. Matokeo yalitoka Septemba 2018: kaya 159,000 kwa mwaka. Sehemu ya tofauti ilitokana na uzazi, umri wa kuishi na uhamiaji kukadiriwa upya, lakini sehemu nyingine ilitokana na uamuzi huo wa sensa mbili. Na miaka kati ya sensa hizo ndiyo ile ambayo bei za nyumba zilipanda na vijana wengi wakashindwa kuondoka kwa wazazi. Hesabu ikachukua uhaba wa nyumba wa jana na kuuita mahitaji madogo ya kesho. Serikali, iliyokuwa na lengo la nyumba 300,000 kwa mwaka, ikaelekeza halmashauri ziendelee kutumia takwimu zilizoanzia 2014. Wapo waliosema serikali ilichagua namba iliyoipendeza, na kweli ilifanya hivyo. Hata hivyo naona ilikuwa na hoja: kijana aliyekosa nyumba hajaacha kuihitaji kwa sababu sensa imemkuta chumbani kwa mama yake.

Mkoa wenu ukiwa na kodi za juu au foleni ya viwanja, jiulize swali hilo kabla ya kuburuta mwelekeo mbele. Linganisha viwango vya vijana wenu na vya mkoa unaofanana nao ambako nyumba zinapatikana. Tofauti hiyo ni kaya zilizobanwa. Hazitaonekana kwenye mstari wa mwelekeo hata uuchore kwa uangalifu gani.

Sasa wilaya na taifa. Ili uelewe kwa nini hazilingani, kumbuka jedwali mlilopewa limetengenezwaje. Njia yake ni ya zamani: mchumi Mwingereza Edwin Cannan aliitumia mwaka 1895, na Pascal Whelpton wa Marekani akaikuza mwaka 1928. Unachukua watu wa mwaka wa msingi kwa umri na jinsi, kila kundi rika unalisogeza mbele, unaondoa wanaokufa, unaongeza wanaozaliwa kulingana na wanawake wa umri wa kuzaa, kisha unaweka wanaohamia na kutoa wanaohama. Kwa nchi nzima, kipengele hicho cha mwisho mara nyingi ni kidogo kikilinganishwa na uzazi na vifo, kwa sababu anayetoka mkoa mmoja kwenda mwingine hajaondoka nchini. Kwa wilaya, uhamiaji unaweza kuwa karibu kila kitu.

Na hapo ndipo wilaya zenu zimezidisha. Kila moja, nadhani, imechukua ongezeko lake la miaka ya karibuni na kuliendeleza. Zile zinazopokea wahamiaji zimejiongezea watu. Zile zinazopoteza vijana hazina hamu ya kuandika kwamba zitaendelea kupotea, hasa pale ruzuku inapogawanywa kwa vichwa. Mtu mmoja anahesabiwa anakokwenda, na alikotoka hajafutwa. Jumla lazima izidi.

Kuna kosa jingine la kitaalamu linaloongeza tatizo, nalo hufanywa na watu makini. Wanachukua tofauti kati ya waliohamia na waliohama, wanaigawa kwa watu wa wilaya inayopokea, wanapata kiwango, wanakitumia kila mwaka. Wilaya ikikua, kiwango hicho kinaleta wahamiaji wengi zaidi, ambao wanaikuza zaidi, nao wanaleta wengine. Hakuna anayeuliza huko wanakotoka wamebaki wangapi. Andrei Rogers, aliyejenga hesabu za idadi ya watu kwa mikoa mingi kwa pamoja, alipinga jambo hili kwa muda mrefu: ile tofauti si watu. Wanaohama ni watu wenye umri, na wana mahali walipotoka. Kiwango cha kuhama kihesabiwe kwa watu wa mahali wanapotoka, kisha waliohama wagawiwe mahali wanapokwenda. Ukifanya hivyo, mikoa inajifunga yenyewe na jumla ya uhamiaji wa ndani inakuwa sifuri, kama inavyopaswa. Yeye na Luis Castro walionyesha mwaka 1981 pia kwamba uhamaji una umbo la umri linalojirudia nchi baada ya nchi: watoto wadogo wanahama na wazazi, wanafunzi wanahama kidogo, kisha mstari unapanda ghafla hadi kilele cha miaka ya ishirini na kuanza kushuka. Kama huna takwimu nzuri za wilaya, azima umbo hilo kuliko kuwahamisha watu wa umri wote kwa kiwango kimoja.

Nani arekebishe? Kwa jumla, wilaya zishuke hadi zilingane na mkoa, na mkoa na taifa. Takwimu za uzazi na vifo ni imara zaidi ngazi ya juu, na kadiri eneo linavyokuwa dogo ndivyo kosa linavyokuwa kubwa. Punguza kwa uwiano katika kila kundi la umri na jinsi, usipunguze jumla peke yake, la sivyo utawakata watoto kwa kosa la vijana. Ila kuna ubaguzi mmoja ambao ningeupigania. Wilaya yenye chuo kikuu, gereza kubwa au kambi ina watu wasiozeeka hapo. Kila mwaka wanaondoka na wengine wa umri uleule wanaingia. Watenge, washikilie kama walivyo, warekebishe wengine, kisha warudishe.

Ukiwaacha wazeeke, utapata wimbi la watu wa miaka 30 ambao hawapo, na kwa kuwa umri huo ndio wenye wakuu wengi wa kaya, utapata na maelfu ya kaya za hewa. Mji wa Coventry, England, umepitia kitu cha aina hiyo. Takwimu za katikati ya 2020 ziliupa watu takribani 379,000. Sensa ya Machi 2021 ikakuta 345,300. Mei mwaka huohuo wa 2021, kabla hata ya matokeo ya sensa kutoka, msimamizi wa takwimu wa Uingereza alikuwa ameshaeleza kwamba mbinu zilizotumika hazikuwashika vizuri wanafunzi wanaoondoka baada ya kumaliza masomo, hasa wale waliotoka nje ya nchi. Na wakati huo wote mji ulikuwa unapangiwa ardhi ya nyumba kwa namba zile.

Mfano huo unafundisha jambo ambalo wengi hulisahau: kosa linaweza kuwa limekaa kwenye mwaka wa msingi, kabla hujakadiria chochote. Ujerumani, nchi ya daftari na mihuri, ilifanya sensa mwaka 2011 ikakuta watu milioni 80.2, pungufu ya milioni 1.5 hivi kuliko ilivyodhani, kwa sababu wanaohamia hujiandikisha na wanaohama husahau kujiondoa. Kabla ya kubishana na wilaya kuhusu mwaka wa 20, kaa nazo mkubaliane kuhusu mwaka wa sifuri. Linganisha watoto wa miaka 7 kwenye jedwali na walioandikishwa shule, na watoto wa chini ya mwaka mmoja na waliochanjwa. Ugomvi mwingi huishia hapo.

Kuhusu namba moja. Nakuelewa, na wakuu wako pia nawaelewa. Bajeti haiandikwi kwa namba tatu. Lakini jedwali mlilopewa, kama mengi, huenda lina hali ya juu, ya kati na ya chini, na watu huzichukulia kana kwamba ukweli hauwezi kutoka nje ya mipaka hiyo. Unaweza. Ya juu na ya chini ni majibu ya maswali "ikiwa uzazi utashuka polepole" na "ikiwa utashuka haraka", na mara nyingi uhamiaji umeachwa uleule katika zote tatu. Kwa mkoa, ambako uhamiaji ndio unaoyumba, hali tatu za namna hiyo zinaweza kukuhakikishia jambo lisilo na hakika yoyote. Kama ndivyo ilivyo kwenye jedwali lenu, omba hali ya nne yenye uhamiaji tofauti, au itengeneze mwenyewe.

Kumbuka pia kwamba jedwali moja lina sehemu za kuaminika na sehemu za kubahatisha. Watakaokuwa na miaka 20 na zaidi baada ya miaka 20 wote wameshazaliwa leo. Uzazi hauwagusi, wanaguswa na vifo, ambavyo kwa kawaida hubadilika polepole, na uhamiaji. Watakaoanza darasa la kwanza miaka mitano ijayo wapo tayari, wanatambaa au wanakimbia. Watakaolianza miaka 15 ijayo hawajazaliwa hata mmoja. Kwa hiyo kaya za mwaka wa 20, kinyume na wengi wanavyodhani, zina msingi imara kuliko wanafunzi wa mwaka wa 15, maana wakuu wa kaya hizo tunao.

Mimi ningewapa wakuu namba moja kwa kila uamuzi. Ardhi ya akiba itengwe kwa hali ya juu, kwa sababu ukishaijenga hairudi, na ukiibakiza haijakugharimu sana. Bomba kuu la maji ambalo litakaa chini miaka 50 nalo lifuate hali ya juu, lakini matangi na pampu vijengwe kwa awamu kwa hali ya kati. Madarasa yapangwe kwa miaka mitano mitano tu. Mapato yanayotegemea idadi ya walipaji, yakadirie kwa hali ya chini. Wakisisitiza namba moja ya kuweka kwenye ukurasa wa kwanza, wape ya kati, na chini yake andika mistari mitatu: mwaka wa msingi ni upi, uhamiaji umechukuliwa kutoka miaka ipi, na viwango vya ukuu wa kaya vimeshikiliwa au vimesogezwa.

Halafu usisubiri sensa ijayo kujua kama mmekosea. Miunganisho mipya ya umeme wa majumbani, vibali vya ujenzi na uandikishaji wa darasa la kwanza hutoka kila mwaka. Weka mstari wa kila kimoja karibu na makadirio yenu. Ikiwa miunganisho ya umeme inapanda kwa kasi kuliko kaya zenu kwa miaka mitatu mfululizo, na hakuna mradi mpya uliopeleka umeme vijijini katika kipindi hicho, rudi kwenye viwango vya vijana na kwenye uhamiaji kwanza. Uzazi na vifo viache mwisho.